Mama Muhuri na Pai ya Figo

Mama mkwe wangu hajawahi kumsifu mtu. Nasema hivyo bila kinyongo, maana nilishamzoea. Siku ya harusi yangu ndugu zake walimzunguka wakitaka aseme neno juu ya mke aliyeletewa na mwanawe. Alinitazama kuanzia kilemba hadi visigino, akafikiri, akasema, "Sijamwona ubaya, bado." Watu wakacheka wakidhani ni utani. Mume wangu peke yake ndiye aliyeniinamia sikioni akaninong'oneza, "Umepita. Hujui tu, lakini umepita vizuri sana."

Mama mkwe alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kazini na koti jeupe, mabuti ya mpira, kisu kifupi cha mpini wa mti na muhuri wa duara. Ng'ombe wametundikwa kwenye ndoana kwa safu, naye anapita akipasua tezi, akigeuza maini, akibonyeza mapafu, akiinua figo hadi puani. Nyama ikiwa safi aliigonga muhuri wa wino wa zambarau begani na pajani, kisha akaenda kwa ng'ombe anayefuata bila kusema kitu. Ikiwa mbovu aliikata msalaba, na hapo hata mwenye ng'ombe alie mpaka kesho haikuwa na maana. Ndipo wakamwita Mama Muhuri, na jina likamfuata hadi nyumbani. Huu ni mwaka wa tatu tangu astaafu, lakini mwenye bucha wa mtaani kwetu akimwona anakuja hubadilisha kisu.

Watu husema ana roho mbaya. Si kweli. Siku moja tukichambua mchele nilimuuliza kwa utani kama kuna kitu duniani kilichowahi kumpendeza. Hakucheka.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alisema. "Hujasikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi mimi sitaki kunywa maji."

Sisi wengine methali hiyo huitoa mtu akishavimba kichwa na kazi yake ikishaharibika. Yeye aliifanya sheria ya kuzuia. Mume wangu alipokuwa wa kwanza darasani alirudi nyumbani mbio na karatasi ya matokeo. Mama akaisoma mbele na nyuma, akaikunja, akamrudishia. "Haijaharibika, bado," alisema. Mume wangu huikumbuka siku hiyo kama watoto wengine wanavyokumbuka siku waliyonunuliwa baiskeli. Kwa mama yake, juu ya "bado" hakuna kitu kingine.

Sasa niseme kilichotupeleka baa.

Mume wangu ni mpishi mkuu katika baa moja ya mtindo wa Kiingereza. Wanauza samaki wa kukaangwa ndani ya unga, soseji nene juu ya viazi vya kuponda, na zaidi ya yote pai ya nyama na figo, ambayo ndiyo iliyompa jina. Watu huja kutoka mbali kwa ajili ya pai hiyo na bia nyeusi inayovutwa kwa mkono kutoka kwenye bomba la shaba. Aliingia pale kuosha vyombo, miaka kumi na minne iliyopita. Akamenya viazi, akakata vitunguu, akapewa jiko la pembeni, mwishowe akapewa jiko lote. Kazi nyingine haijui, wala haitaki.

Miezi minne iliyopita alishikwa na homa kali. Alilala siku tisa. Siku ya kumi aliamka na njaa, nikampelekea chai ya tangawizi, akaniuliza kwa nini nimempa maji ya moto. Tukacheka. Baada ya wiki moja tukaacha kucheka. Homa ilikuwa imeondoka na pua yake, na ulimi ukafuata. Daktari alisema hisia hizo huenda zikarudi, huenda zisirudi, na dawa yake ni kungoja.

Hakumwambia mtu kazini. Alianza kupika kwa kumbukumbu: daftari, mizani, vijiko na saa ya ukutani. Chumvi vijiko vingapi, figo zikae majini dakika ngapi, yote aliyaandika. Watu wakala, wakamwambia chakula ni kile kile. Badala ya kutulia, hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia.

"Nani ananiambia kweli?" aliniuliza jioni moja, amekaa ukingoni mwa kitanda na soksi mkononi. "Mwenye baa anavuta kiko tangu ujana wake, ulimi wake umekuwa ngozi ya kiatu. Dada wa kaunta ananiogopa. Wateja ni watu wa adabu, watanisifu halafu wasirudi."

"Na mimi?"

Akanitazama kwa upole. "Wewe, mke wangu, chakula kibaya hukijui."

Nilinuna, lakini alisema kweli. Kwetu tulikuwa watoto tisa, na chakula kizuri kilikuwa kile kilichobaki. Nimewahi kumaliza sahani ya maharage yaliyoingiwa na sabuni nikidhani ni kiungo kipya.

"Namtaka mama," alisema. "Mlete Jumamosi mchana, ale pai. Akisema haijaharibika bado, nitaendelea. Akisema imeharibika, siku hiyo hiyo namwambia mwenye baa na aproni navua. Siwezi kulisha watu kitu nisichokijua mwenyewe."

"Basi tumweleze kwanza."

"Usithubutu. Akijua atanihurumia, na ulimi wenye huruma haufai kitu."

Akanifanya niape. Nikaapa, ingawa nilimjua mama mkwe wangu. Kumficha kitu mwanamke yule ni sawa na kumficha paka samaki.

Kumtoa nyumbani kwenyewe kulikuwa kazi. Miaka mitatu mwanawe anamwalika, miaka mitatu anakataa.

"Baa ni baa," alisema nilipomfikishia mwaliko. "Jina lenyewe linakuonya."

"Ni mahali pa chakula, mama. Mwanao anataka ule alichopika."

"Kwa nini Jumamosi hii? Jumamosi nyingine zilikuwa na nini?"

"Ana nafasi."

"Mpishi ana nafasi Jumamosi mchana?"

Nikasema kuna bia mpya, uongo ulionitoka kabla sijaufikiria. Alinikazia macho mpaka nikajifanya natafuta kiatu changu. "Mna mambo nyie," alisema. Lakini akakubali kwenda, na nadhani ni kwa sababu hiyo hiyo. Kama kuna kitu kinafichwa, heri akione kwa macho yake. Akatia tochi kwenye mkoba, na kitambaa cheupe, tukaondoka.

Baa yenyewe iko kwenye kona, ghorofa ya chini, mlango wa kijani na ubao wenye picha ya jogoo amevaa taji. Ndani kuna mbao nyeusi ukutani, boriti nzito darini, zulia la maua mekundu na picha za wazungu juu ya farasi wakifuatwa na mbwa. Mama alisimama mlangoni akingoja macho yazoee.

"Mbona giza?"

"Ndivyo baa za Kiingereza zilivyo, mama."

"Nyama haikaguliwi gizani."

Alipiga hatua mbili, akainua mkono, akagonga boriti iliyokuwa karibu na kichwa chake. Ikalia kama debe. "Hii si mti," aliniambia kwa sauti ya chini, kama vile ameshapata ushahidi wa kwanza. Kisha akalitazama zulia. "Nani anatandika zulia mahali pa mchuzi? Wanaficha madoa." Mbwa wa kwenye picha aliwahesabu, wakafika kumi na saba, akatikisa kichwa. Alichagua meza ya dirishani, akakaa ameupa ukuta mgongo, mahali ambapo angeweza kuuona mlango, kaunta, na dirisha dogo ambalo sahani hutolewa kutoka jikoni.

Tukakaa. Hakuna aliyekuja. Mimi nilijua utaratibu wa pale lakini nilikuwa na mawazo yangu, nikasahau kumweleza.

"Wametuona?" aliuliza baada ya muda.

"Wametuona, mama. Ila hapa mtu huenda mwenyewe kaunta kuagiza."

"Yaani mgeni aagize chakula amesimama, kama anaomba kazi?"

"Ndiyo desturi yao."

"Desturi hiyo imetungwa na mtu asiyetaka kuulizwa maswali mezani," alisema, akainuka na mkoba wake kwenda kuuliza maswali kaunta, nami nikamfuata.

Dada wa kaunta alimpokea kwa tabasamu. Hakujua anaongea na nani.

"Nyama ya leo ilichinjwa lini?"

"Pai yetu ni nzuri sana, mama. Kila mtu anaisifu."

"Sikuuliza nani anaisifu."

Tabasamu la dada likapungua. Alisema nyama huletwa kila asubuhi. Mama akataka kujua asubuhi saa ngapi, imefunikwa na nini, na nani anaipokea. Bahati yake dada, mwenye baa akatokea. Ni mzee mnene wa kizibao, kiko mdomoni bila moto. Alimjua mama kwa sura, maana mume wangu amechukua pua ya mama yake nzima nzima.

"Mama yetu!" alisema. "Karibu sana. Mwanao, nakuambia, ana mikono ya dhahabu. Mikono ya dhahabu!"

Mama alimtazama kama alivyokuwa akitazama ini lenye doa. Aliitikia salamu, nikaagiza pai mbili na bia, akachukua glasi zetu mbili, tukarudi mezani.

"Kilemba cha ukoka," aliniambia tulipokaa. "Mtu akikusifia mwanao kabla hujakaa, ujue amemfanyia kitu au anataka kumfanyia."

"Labda anampenda tu, mama."

"Labda," alisema, kwa namna ambayo neno hilo lilikufa palepale.

Akaigeukia bia. Aliigusa glasi kwa nyuma ya vidole. "Hii imesahauliwa nje?"

"Haitakiwi baridi sana. Wanasema ladha inapotea."

"Maneno ya mtu mwenye friji mbovu."

Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia povu linavyoshika kioo. Akanusa mara mbili. Akanywa kidogo, akaweka chini, akangoja. Akanywa tena, safari hii zaidi. Niliona anatafuta kosa na kosa halionekani, na jambo hilo linamuudhi.

"Haijaharibika," alisema mwishowe, kwa shingo upande. "Bado."

Nilipumua. Angalau ulimi wake ulikuwa wa haki siku ile. Kama bia isiyo baridi imepata muhuri, nilijiambia, pai nayo itapata. Nilianza hata kufikiria jinsi mume wangu atakavyolala usiku huo, usingizi wa kweli, bila kugeukageuka.

Sahani zikaletwa. Pai mbili za duara, juu zimeiva rangi ya dhahabu, pembeni viazi vya kuponda, njegere, na mchuzi mzito wa kahawia.

"Imefunikwa," alisema mama.

"Ndiyo pai, mama. Nyama inakaa ndani ya unga."

"Anayefunika nyama ana sababu."

Akatoa tochi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu wa meza za jirani waligeuka, na mama hakuwajali. Alishika tochi kwa mkono wa kushoto, kisu kwa mkono wa kulia, akakata kifuniko cha pai kwa mkato mmoja wa duara, safi, akakifunua na kukiweka kando. Mvuke ukapanda. Akainama, akaingiza pua kwenye mvuke ule, na akabaki pale pale.

Alibaki muda mrefu kuliko nilivyopenda. Uso haukubadilika, lakini kidole gumba kilizima tochi. Kwa kukaa naye miaka hii nimejifunza kwamba mama akiacha kutafuta, ameshapata.

Kwa uma alitenga nyama upande mmoja na figo upande wa pili. Akala nyama, akatafuna, akameza, hakukunja uso. Akachoma kipande cha figo, akakiinua hadi puani kama zamani, akakirudisha kwenye sahani. Kisha akaanza kutazama sahani za watu wengine.

Nikafuata macho yake. Bwana mmoja karibu na mlango alikuwa amemaliza, na pembeni mwa sahani yake kulikuwa na vipande vitano vya figo vimepangwa kwa adabu. Kwenye meza ya nguzoni kina mama wawili walikuwa wamezisukumia zao chini ya kitambaa cha karatasi. Yule bwana alisimama, akavaa kofia, akamwambia dada wa kaunta, "Tamu sana. Mwambieni mpishi asante." Akaondoka, na figo zake tano zikabaki pale zikitutazama.

Nilikula figo mbili haraka haraka kutoka kwenye sahani yangu na sikuona ubaya wowote, nikaulaani ulimi wangu na wote walionilea. Miezi minne namwambia mume wangu mambo ni yale yale. Kumbe nilikuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa bila kujua.

"Huyu ni mwanangu aliyepika hii?" aliuliza mama.

"Ndiyo, mama."

"Nilimfundisha figo akiwa na miaka kumi. Kila figo ina tabia yake. Hii itataka maji ya chumvi nusu saa mpaka harufu ya mkojo iishe, hii itataka saa mbili. Saa haikuambii. Pua ndiyo inakuambia." Alisukuma kiti nyuma. "Naenda kumuuliza kama anaumwa au ameidharau kazi."

"Mama, kaa kwanza, umalize…"

Alikuwa ameshaondoka. Nikamfuata.

Kupitia lile dirisha dogo la jikoni tulimwona mume wangu. Alikuwa ametugeuzia ubavu, amesimama kwenye meza ya katikati, daftari limefunguliwa mbele yake. Alikuwa anapima chumvi kwa kijiko, midomo ikihesabu, kidole kwenye mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyuma yake, hatua moja tu, siagi na unga vilikuwa vinaungua kwenye kikaango. Harufu ilikuwa imeshatufikia sisi, imenikaa kooni. Mtu mmoja ukumbini alikohoa. Mume wangu hakugeuka.

Mama alifungua mdomo kumwita. Akaufunga.

Mume wangu akamaliza kuhesabu, akaweka alama kwenye daftari, akalifunga. Ndipo akageuka na kuuona moshi. Aliruka, akakitoa kikaango motoni. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nimelizoea nyumbani. Alikileta kikaango karibu na uso, akavuta pumzi ndefu, akangoja, akatikisa kichwa, akakiweka chini. Hakutuona.

Mama alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha. Hakunigeukia.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mama?"

"We mtoto, nimepasua ng'ombe miaka thelathini na mmoja. Usinichezee."

Kiapo changu kiliishia hapo. "Miezi minne," nilisema. "Ile homa."

"Na hamkuniambia."

"Alinikataza. Alisema ukijua utamhurumia."

"Mimi?" Alisema kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Mimi nimhurumie mtu?"

Nikamweleza yote, pale pale, kwa sauti ya chini. Kwamba haamini sifa za mtu yeyote. Kwamba amemwita yeye kwa sababu ndiye pekee asiyejua kudanganya. Kwamba akisema pai imeharibika, mwanawe anavua aproni leo hii na jiko analiacha. Mama alisikiliza huku macho yake yako kwa mwanawe, ambaye alikuwa ameanza upya na siagi nyingine, safari hii ameinama akiikodolea macho.

"Kwa hiyo nimeletwa hapa kugonga muhuri," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alirudi mezani, akakaa, akavuta sahani. Akala kipande cha kwanza cha figo. Akatafuna polepole, akameza, akashushia bia. Akala cha pili. Mwanamke huyu aliyewahi kuondoka kwenye sherehe ya ndugu yake kwa sababu ya harufu ya supu alikula figo zile moja baada ya nyingine, kisha akanyoosha uma, akazichukua na zangu zilizobaki, akazila. Akapangusa mchuzi kwa ganda la pai mpaka sahani ikang'aa. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anaondoa ushahidi. Nilitaka kumzuia na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata moja.

Mume wangu akatoka jikoni. Alikuwa amevua kofia, nywele zimelala kwa jasho, mikono bado anaifuta kwenye aproni. Kitu cha kwanza alichokiona ni sahani ya mama yake, tupu. Uso wake ukafunguka, na miaka mitano ikamtoka mabegani. Alisimama mbele yetu, hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Vipi?"

Kule kaunta mwenye baa alikuwa ametoa kiko mdomoni ili asikie vizuri. Nilitaka kumkanyaga mama mguu chini ya meza. Sema ulivyozoea, niliomba moyoni. Neno lako lile lile, mama, sema ulivyozoea.

Mama aliweka uma chini. Akajiweka sawa kwenye kiti, akatabasamu, tabasamu ambalo halikumkaa vizuri, kama kiatu cha kuazima.

"Tamu sana, mwanangu," alisema. "Sijawahi kula kitu kitamu namna hii. Una… una mikono ya dhahabu."

"Si nilisema!" mwenye baa akapaza sauti kutoka kaunta.

Mume wangu hakumsikia. Tabasamu lilibaki mdomoni mwake muda kidogo baada ya kuondoka machoni. Akanitazama mimi. Nikaitazama glasi yangu. Akapeleka mikono nyuma ya kiuno, akatafuta fundo la aproni. Lilikuwa limekaza, likamchukua muda.

"Unafanya nini?" mama aliuliza. "Nimesema ni tamu."

"Nimekusikia, mama."

"Tamu kabisa. Nimemaliza yote. Huoni?"

"Naona."

Aproni ikaachia. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, akavuta kiti akakaa karibu naye, magoti yao yakigusana.

"Ni figo?" aliuliza taratibu.

Nilimwona mama anatafuta uongo mwingine asiupate. Ule mmoja ndio pekee aliokuwa nao.

"Figo," alisema.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Akaniwekea aproni mapajani, akainuka, akaenda kaunta kwa mwenye baa.